Dawati Juu ya Dawati

Shule yangu ya kwanza iko chini ya shule hii.
Sisemi kwa mafumbo. Iko chini, kina cha mtu aliyesimama
akinyoosha mkono kuomba ruhusa ya kutoka.
Kuta za hii ya sasa ni jiwe lile lile lililoizika ile.

Mlima ulishuka Alhamisi.
Mwalimu Muhindo alikuwa ametupa mgongo, anaandika ubaoni:
*Asidi ikikutana na besi, hupatikana*
ardhi ikatikisika, chaki ikakatika,
nikaacha daftari ndani ya dawati
nikijua Ijumaa nitarudi.

Nimerudi. Ijumaa imenichukua miaka ishirini na miwili.

Hapo katikati nimezaa watano, nimezika mmoja na baba yake.
Nimeuza lengalenga Birere, makala Majengo,
nimevuka mpaka wa Gisenyi mara tatu na godoro kichwani,
nikarudi mara tatu,
godoro kila safari likiwa jembamba zaidi.

Skati ya buluu nimeshonewa na Mapendo wa Katindo.
Alinipima kiuno, akarudia kupima,
akauliza, mtoto mwenyewe yuko wapi?
Nikamwambia, ndiye huyo umemzungushia utepe.

Mwalimu Byamungu alizaliwa mwaka ule wa moto.
Nilipoingia alisimama, akidhani ni mzazi
amekuja kuomba siku mbili zaidi za kulipa karo.
Darasa zima likasimama naye: Jambo, mama!
Nikapita katikati ya jambo zile arobaini
nikakaa nyuma, karibu na Asifiwe, binti yangu wa tatu,
aliyegeukia dirisha
kana kwamba mlima umeanza tena.

Njiani ananitangulia hatua ishirini. Nazihesabu.
Nyumbani taa ya sola ni moja, tunagawana mwanga,
na yeye ndiye anayegawa.
Kifaransa kimenitoroka, vitenzi kama mbuzi waliokata kamba,
huyu nimemshika mguu, yule yuko kwa jirani anakula maharage.
Lakini hesabu!
Byamungu akiandika x, wenzangu wanakuna vichwa.
Mimi x namfahamu.
Ni ile inayobaki ukishalipa nyumba, maji, karo
na askari wa sokoni.
Nimemtafuta kila mwisho wa mwezi tangu niolewe.
Nikalisema hilo kwa sauti, darasani,
na Asifiwe akacheka kabla hajakumbuka kwamba hanijui.
Usiku ule taa ilisogea upande wangu
upana wa vidole viwili.

Poda nimeshanunua, ile nyeupe ya siku ya matokeo.
Nimeificha nyuma ya gunia la unga.
Kopo moja. Sijui litamwagwa juu ya kichwa kimoja au viwili,
au litakaa pale hadi ligande.

Wifi yangu ananiuliza, diplome utamwonyesha nani?
Mchumba?
Anauliza akimenya viazi, kisu hakisimami.
Sina jibu linaloweza kukaa mezani na viazi.
Kuna sentensi ilikatika, nami nikaishi ndani ya mkato wake,
nikapika humo, nikajifungua humo.
Hupatikana nini?
Niliwahi kumuuliza muuza dawa wa Virunga,
akafikiri nataka kumdhuru mtu.

Jumanne Byamungu aliiandika. Wala hakupunguza mwendo,
kwake ni mstari tu kati ya mistari:
*Asidi ikikutana na besi, hupatikana chumvi na maji.*

Chumvi na maji.
Basi, ni hivyo tu.

Nikainama chini ya dawati kama anayetafuta kalamu.
Sakafu ni nyeusi pale, ina matundu madogo madogo,
na ubaridi wake hauonyeshi kwamba uliwahi kuwaka.
Asifiwe akainama pia.
Akanipa kalamu yake,
ingawa yangu aliiona mkononi.