Kalibu

Usiku mzima printa imelia kama nyenje ndani ya kiberiti,
ikitema uzi wa plastiki, tabaka juu ya tabaka,
kila tabaka nyembamba kuliko ukucha wa mtoto mchanga.
Kulipokucha hapa Gliwice, theluji imeziba dirisha la karakana,
nilikuwa na nyota mkononi:
ncha sita, ndefu kama mkono mpaka kiwiko,
na kazi yake ni kutokuwapo.

Nieleze, maana hata Kordian wa mwaka wa kwanza aliuliza.
Fueli ya roketi humiminwa ingali uji.
Huizunguka nyota, huganda,
kisha nyota huchomolewa.
Kinachobaki ni tundu,
na tundu ndilo linalorusha.
Moto huanzia pale pasipo kitu,
hula kuta toka ndani kwenda nje,
na umbo la utupu huamua safari.
Sisi basi ni mafundi wa tundu.

Ya kwanza haikutoka.
Tulivuta watu wanne, Kordian kaukanyaga ukuta kwa mguu mmoja,
hata ikatoka kwa mlio wa jino.
Ndani, kwa tochi: ufa.
Mwembamba, mweusi, kama unywele kwenye sinia.
Ufa ni mlango ambao moto haukualikwa,
nao haujui kubisha hodi.
Tukaifuta daftarini. Wiki tatu, kwaheri.

Jumapili nikampelekea baba ile nyota.
Alojz: miaka thelathini na minane ya kusubu chuma,
sikio la kushoto aliliachia nyundo,
kidole cha shahada alikiacha sijui wapi, hasemi.
Enzi zake kalibu ilikuwa mchanga.
Unaushindilia, unamwaga chuma, unauvunja.
"Kalibu njema," hupenda kusema, "haioni siku mbili."
Aliipitisha nyota kwenye ukucha. Krrr.
"Hizi ni ngazi. Umeipa ngazi, imepanda, imekaa.
Sasa unailaumu kwa kukaa?"

Halafu akainuka, akafungua kabati
lisilofunguliwa tangu msiba,
akatoa bati la mama la kuokea babka:
mifereji pembeni, mnara mtupu katikati,
na kovu la kuungua pale nilipoliangusha nikiwa na miaka saba.
"Tazama mnara. Chini mnene, juu umekonda. Tofauti ya unywele.
Truda hakuwahi kugombana na keki.
Alipaka siagi, akangoja ipoe, akapindua.
Kitu cha kushika kifunzwe kwanza kuachia."
Kisha akauliza kama nimekula.

Sikulia.
Nilitoa kipimapembe mfukoni (ndiyo, natembea nacho)
nikampima mama yangu:
digrii mbili na nusu.

Nyota ya pili tuliipiga msasa mpaka ngazi zikasahau kuwa ngazi,
tukaipaka nta, tukaipa mteremko wa bati lile.
Ilitoka kwa mkono mmoja.
Ilivuta pumzi, fyu, ikatoka,
na Kordian akabaki ukutani na mguu wake, hana kazi.

Mei, mchanga wa Błędów.
Wageni hawaamini kwamba Poland ina jangwa;
basi waje wautoe mchanga huo kwenye soksi zangu.
Baba kwenye kiti cha kukunja, kofia imeshuka masikioni,
mita mia tatu nyuma ya kamba, ananung'unika juu ya chai.
Nilihesabu kwa sauti iliyokauka. Nilipofika moja
tayari kulikuwa na mstari mweupe angani
na kifua changu kikitetema kama ngozi ya ngoma.
"Hiyo," akasema baba, akigusa sikio la kushoto,
"nimeisikia."

Mwavuli ulichelewa. Bawa moja limepinda.
Tulipoifungua, tundu lilikuwa limekula kuta zake zote:
si nyota tena, bomba tu, jeusi, lenye joto bado.
Kordian alitia mkono wake humo mpaka kiwiko,
akautoa mweusi, akacheka.

Bati sijalirudisha.
Ameniuliza mara mbili.