Mstari wa Kumi na Saba

Ini lilikuwa njiani kutoka Osorno,
ndani ya sanduku la barafu, garini, mvuani,
nasi watu watano, ghorofa ya tatu, Valdivia,
tulikuwa na dakika arobaini
na chai iliyokwisha poa.

Mimi si daktari. Miaka thelathini na mmoja
nilipima vitambaa dukani kwa mjomba,
sikumpunja mtu hata shubiri.
Wakasema kamati inataka raia mnyofu.
Nikavaa koti langu la misibani, nikaenda.

Majina yamefichwa: Mgonjwa wa Kwanza, Mgonjwa wa Pili.
Damu ya kundi moja. Ugonjwa umefika pale pale.
Tukashuka na fomu, mstari kwa mstari,
mizani haikuinama,
mpaka wa kumi na saba:
Nani atamtunza baada ya upasuaji?

Wa Kwanza: mume, mama, dada wawili,
shemeji mwenye gari.
Mwandiko umebanana, umepanda ukingoni mwa karatasi.

Wa Pili, mlinzi wa usiku kiwandani kwa mbao:
kistari.
Hata si neno "hakuna". Kistari kifupi,
wino umevimba mwishoni,
pale kalamu ilipongoja kidogo
kabla ya kuinuliwa.

Daktari Iturriaga alieleza, wala hakuwa mtu mbaya.
Dawa ni saa mbili asubuhi na saa mbili usiku,
leo, kesho, mpaka kaburini.
Asiye na wa kumkumbusha husahau,
na ini likioza ndani yake
aliyelitoa amekufa mara mbili.
Ni kweli. Mpaka leo sioni pa kuipinga.

Muuguzi Ximena peke yake ndiye aliyeuliza:
"Basi mwenye watu huongezewa uhai,
na mpweke tunampa nini? Pole?"
Mtu akatazama saa.
Mtu akakoroga chai isiyo na sukari.

Tukainua mikono. Wangu ulikuwa wa tatu.
Kati ya mitano, wa tatu ndio unaokata.
Nimekata vitambaa maisha yangu yote,
naujua mlio wa mkasi ukifika mwisho wa nguo.

Mji wetu mdogo, siri huvuja kama paa.
Yule mama nimemwona sokoni
akigombania bei ya kome, mashavu yamemjaa,
na nilifurahi. Niandikieni hilo pia:
nilifurahi kwa dhati.

Wa Pili aliishi siku kumi na tisa.
Jina lake nililisoma langoni mwa kiwanda,
karatasi iliyobanduka pembe moja:
Nicanor Huenchumán.
Chini yake, anwani ya mkesha.
Mitaa mitatu kutoka kwangu.

Nami ninameza vidonge vya presha
saa mbili asubuhi, saa mbili usiku,
tangu nifiwe na Rosendo, miaka sita,
sijakosa hata siku moja.
Huwa nasimama dirishani na glasi ya maji.
Kutoka pale kiwanda kinaonekana,
na taa ya kibanda cha mlinzi.

Usiku ule kalamu ilikuwa mezani,
fomu imefunuliwa, mstari uko wazi
kuzidi urefu wa jina langu.
Pengine kanuni inamkataza mjumbe.
Sikuuliza.