Safari ya Kipindi cha Nne

Basi la shule hatuna. Tuna shuka la Bi. Saumu,
jeupe, lenye upindo wa maua ya zambarau,
tulilolipigilia misumari minne juu ya ubao
hadi maua yakawa ndiyo mpaka wa dunia.
Tuna projekta ya kuazima, yenye kikohozi,
na bando langu mwenyewe la shilingi hamsini,
linaloisha saa sita usiku, likifika.

Gredi ya tano, Mishomoroni. Watoto sitini na wanane.
Kwenye andalio la somo nimeandika:
Mwanafunzi aweze kutaja kanda za mimea mlimani.
Basi tukaziba madirisha kwa mifuko ya saruji,
joto likatukalia kama mgeni asiyeaga,
tukapanda Mlima Kenya.

Tulipita msitu. Tulipita mianzi.
Tsuma akauliza kama huko juu kuna vyoo.
Penye theluji wote waliguta kwa pamoja,
jasho likiwachuruzika hadi viwikoni,
na Mwarandu, ambaye hakosi neno,
akajikunyata, akapuliza viganja,
akasema, Mwalimu, mafua hayo yaja.
Tukacheka. Nikawaambia waandike:
barafu, mawe, hakuna mti.

Zikabaki dakika tisa.
Nikauliza, sasa twende wapi? Nilitarajia mwezini,
au uwanja wa mpira wenye nyasi za kweli.
Nyevu, wa dawati la nyuma, ambaye muhula mzima
sijamsikia ila akiitikia jina lake kwenye rejista,
akasema: Kongowea.

Darasa likaguna. Kongowea! Pa kwenda kwa miguu!
Pa kutumwa nyanya na kurudi na chenji pungufu!
Lakini ndiye aliyesema kwanza.
Nikaandika jina. Mlima ukajikunja,
tukashuka kutoka theluji hadi tope la sokoni
kwa pumzi moja.

Mbele kidogo, alisema. Kushoto. Si hapo. Rudi.
Pita magunia ya viazi. Pita mwenye nazi.
Aliniongoza kama aongozaye kipofu.
Hapo.

Mwanamke ameinamia fungu la vitunguu,
leso ya kijani kiunoni, mkono mmoja hewani,
ama anafukuza nzi ama anamwita mteja.
Uso wake mashine imeutia ukungu
kama inavyowafanyia wote. Ni heshima, wanasema.
"Mamangu," alisema Nyevu.
"Utamjuaje bila uso?" Tsuma huyo.
"Ule mkono."

Mama yake yuko Dammam, mwaka wa tatu huu,
anapiga pasi mashati ya watu. Hupiga simu Ijumaa,
ikiwa mwenye nyumba ameamka vizuri.
Hayo niliyajua, yamo kwenye faili.
Mkono sikuujua.

Nyevu aliinuka, akapita kati ya madawati,
akaenda kumgusa,
na kivuli chake kikamtangulia,
kikapanda shukani, kikamfuta mama yake,
vitunguu, leso, vyote.
Akasita. Akarudi hatua moja: mama akarudi.
Akasogea: mama akatoweka.
Hakuna aliyecheka. Hata Mwarandu.

Mwishowe akachuchumaa chini ya mwanga,
pembeni, penye maua ya zambarau,
akainua kidole kimoja, polepole, kutoka chini,
na kivuli cha kidole, chembamba,
kikaufikia ule mkono.

Mtu wa dawati la mbele akasoma kibao cha bei:
"Kilo sitini!" Mwingine: "Sitini? Jana nimenunua mia na ishirini!"
Wakaanza kubishana, wakatoa, wakagawanya,
hesabu ambayo sikuifundisha mimi,
na Nyevu chini pale bado, mkono juu,
kama anayesubiri kuruhusiwa kujibu.

Kengele ililia. Projekta ikakohoa, nikaiacha.

Ofisini nilijaza fomu.
Lengo limefikiwa? Ndiyo.
Maoni ya mwalimu: nikakaa na kalamu mpaka chai ikapoa,
kisha nikaandika,
Bi. Saumu aambiwe, shuka bado tunalihitaji.