Daftari la Waazimaji

Kabati ni la chuma, mlango wake mmoja haufungi,
nauegemeza kwa tofali.
Limesimama nyuma ya kanisa, karibu na ngoma,
na mvua ya Mizoram hupiga bati juu yake
tangu Mei hadi Septemba bila kushusha pumzi.
Vitabu humo ni mia na kumi na viwili.
Jana nimevihesabu. Mia na kumi na kimoja.

Kila Jumatano, baada ya sala ya akina mama,
nachonga penseli, nafungua daftari.
Jina. Kitabu. Siku ya kutoka. Siku ya kurudi.
Hapana safu ya yaliyopita kati ya siku hizo mbili,
lakini vitabu havijui kutunza siri.

Kile cha sala za jioni hurudi kikinuka moshi
kutoka kwa Lalhmingmawii, asomaye huku akikoroga sufuria.
Tone la mafuta liligandisha kurasa mbili;
nikazibandua kwa kisu,
na nusu ya neno *rehema*
ikabaki upande usio wake.

Kile cha watoto, chenye picha ya safina,
Ruatfela kamwongeza nyati wa milima yetu,
pembe zake zimepita paa.
Mama yake alikuja kuomba radhi, macho chini.
Nikamwambia, mwache.
Nuhu naye angemwacha nje?

Halafu kipo cha wake wema, jalada la waridi.
Hutoka kuliko vyote, hurudi upesi kuliko vyote.
Sura ya tano yafundisha mke kunyamaza.
Pembeni pana penseli, hafifu kama unywele wa mtoto.
Mkono wa kwanza umeandika: *Amina.*
Mkono wa pili: *Hata akinipiga?*
Mkono wa tatu haukuandika neno,
umelizungushia swali duara,
na juu ya duara duara,
mpaka karatasi ikakaribia kutoboka.

Pu Thangkima, mzee wa kanisa, aliniuliza
kama vitabu vinatunzwa safi.
Ni safi, Pu, nikajibu.
Kifutio kilikuwa mfukoni mwangu,
kipya, hakijaguswa.

Basi, kile kimoja kilichopungua.
Sikuhitaji daftari kujua kiko wapi.
Nikachukua mwavuli, nikapanda ngazi za udongo
hadi kwa Pi Hrangzuali, ambaye mtoto wa jicho
amemfunika macho yote mawili.
Miaka miwili anaazima, anatia dole gumba;
mjukuu wake Remruati ndiye aliyekuwa akimsomea,
na Remruati yuko Aizawl tangu Februari, anasomea uuguzi.

Kitabu kilikuwa mezani, wazi,
kikombe kimekandamiza ukurasa.
“Nani anakusomea sasa, Pi?”
“Hakuna. Nakaa nacho tu.
Hapo ndipo mtoto alipoachia.
Akija Krismasi asipate taabu kutafuta.”

Nikaketi. Nikaomba nisome kidogo, mstari mmoja,
sitapageuza.
Nilipofika kwenye nukta akaniinulia mkono:
“Ngoja. Hapo yeye hupiga chafya.”
Tukangoja, sote wawili,
chafya ya msichana aliye mbali, milima mingi kati yetu.
Kisha akacheka hadi akakohoa.

Kwenye safu ya kurudi nimeandika: *Krismasi.*

Leo cha waridi kimetoka tena.
Aliyekichukua alikificha chini ya shali,
hakunitazama, nami sikumtazama.
Ndani ya sura ya tano nimetia karatasi
niliyoikata kutoka nyuma ya daftari hili:
*Mlango wa Zothanpuii hauna komeo.
Njoo hata usiku. Njoo na watoto.*

Sikuandika jina lake.
Ukiliangalia daftari, utadhani
Jumatano hii kitabu hicho
kilikaa kabatini.