Suruali ya Nne

Gintvilė ameniletea suruali ya nne mwaka huu.
Mapaja yamekataa.
Nafumua mshono wa pembeni, natia kipande
cha ovaroli ya marehemu baba yake,
naye amejifunga taulo, anakula supu ya bitiruti
kwenye sufuria, kwa upawa.

Ana miaka kumi na tisa. Kocha Vaidotas anasema paja ni benki:
weka chuma mabegani, chuchumaa, inuka,
siku moja utatoa nusu sekunde.
Riba sijaiona. Naona jinzi.

Mwaka wa kwanza alirudi na kibanzi cha msonobari
kirefu kama kidole, kimezama nyongani.
Nilikichomoa kwa kibano cha nyusi
chini ya taa ya cherehani.
Hakulia. Alisema tu, usikitupe.
Kimo ndani ya kopo la vifungo.

Baiskeli yake haina breki.
Nilidhani klabu ni fukara, nikajitolea kununua.
Fundi wa magurudumu alicheka mpaka akakaa chini.

Kisha Panevėžys, Februari. Nje theluji ya magoti;
ndani mbao zimejipinda kama bakuli
na joto linanuka gundi na mafuta ya kuchua.
Yeye na Radmila, msichana wa Brno.
Nilingoja kishindo.
Wakaanza kujikokota!
Mbio za kasi kuliko zote, na hawa wanatembea
kama watu waliosahau walikokuwa wakienda.
Juu kabisa ukingoni wakasimama tuli,
magurudumu yanatetema, miguu haishuki,
huyu anamtazama yule juu ya bega.
Simba mwenda pole, nilijisemea,
simba mwenda pole,

kengele.

Radmila alishuka kama nyundo.
Wangu alikawia, labda kiasi cha kumeza mate,
kisha akafukuza, akafukuza,
nami nimesimama juu ya kiti cha watu.

Walipima kwa picha. Sentimita nne.
Sihitaji futi kuijua sentimita nne:
ni upindo wa suruali,
ndio huu hapa, kati ya gumba na shahada.

Garini hakusema neno hadi daraja la pili.
Halafu: "Niliona nafasi. Niliiona, Mama,
nikataka kuhakikisha."

Sasa ananiegemea begani, upawa mkononi,
supu nyekundu inadondokea kazi yangu.
"Bakiza kitambaa," anasema. "Ndani. Kingi."
Nabakiza.
Sindano ya jinzi imekatika mara mbili.

Natia nyingine.