Tarehe Chini ya Kizibo

Saa kumi na moja alfajiri, Juni, Ipogolo.
Baridi ya Iringa haibishi hodi, inaingia na kukaa.
Fuso za Ilula zimepanga mstari getini,
tenga juu ya tenga,
na tenga la chini linatiririka maji.

La juu linakwenda sokoni.
La chini ni letu.

Kazi yangu ni muhuri.
Nilifika darasa la saba, naandika namba bila kutetemeka,
basi wakanipa wino, meza, na kiti kisicho na mgongo:
imetengenezwa lini, mwisho wa matumizi lini.
Wenzangu wanasimama kwenye pipa kutwa nzima,
siki imewachuna vidole mpaka michoro imefutika;
walipokwenda kusajili laini za simu
mashine ikakataa kuwa wao ni watu.

Mnataka kujua ndani kuna nini?
Nyanya, ndiyo. Zenye manyoya ya ukungu, zinachotwa kwa koleo.
Malenge. Papai lililolala. Unga wa muhogo wa kushikizia.
Na rangi, kutoka dumu lililobanduliwa nembo.
Ilimmwagikia Mzee Kitosi mwaka juzi:
suruali imekuwa tambara, tambara limekuwa mshikio wa sufuria,
rangi bado ipo.

Mkaguzi akija tunajua tangu jana yake,
maana tunagawiwa glavu.
Akiondoka zinahesabiwa, zinarudi kabatini.
Jozi ikipungua, inakatwa kwenye elfu nne ya siku.

Twilumba Mhongole alikuwa anazibua kinu kwa mkono
kwa sababu mti wa kuzibulia ulivunjika Aprili,
na kila tulipokumbusha, msimamizi alijibu, "Nimeandika."
Tarehe kumi na saba, saa nane mchana.
Sikusikia ukelele.
Nilisikia kinu kikibadili sauti
kama mtu anayekula ugali akakuta changarawe,
kisha kikaendelea.

Kikaendelea, nasema.
Msimamizi akatazama saa, akatazama pipa.
"Lita mia sita. Tukimwaga, analipa nani?"
Tukamfunga Twilumba kwa khanga yangu,
bodaboda ikapanda naye mlima kwenda hospitali.
Vidole viwili vya mkono wa kulia.
Kimoja tulikipata.

Na mimi nikagonga muhuri.
Chupa mia tisa na arobaini, kwa mkono huu huu,
na kwenye kila nembo yule mwanamke anayecheka,
ameshika nyanya kwa vidole vyote kumi.

Kesho yake saba haikugeuka kuwa nane.
Nilisema muhuri umekwama.
Uongo. Muhuri haukuwa na tatizo.

Julai, kumi na saba Juni.
Nanenane imepita, upepo umekausha midomo,
kumi na saba Juni.
Maboksi yameondoka kwenda Mafinga, Makambako, Mbeya,
kila kizibo na siku yake ile ile,
na hakuna aliyerudi kuuliza.
Watu husoma bei.

Jumapili moja, kwenye kipaimara cha mtoto wa jirani,
mwanangu aliminya chupa juu ya chipsi.
Nilimpiga mkono mbele ya wageni.
Akalia, wakanitazama kama mchawi,
mama wa kumnyima mtoto wekundu kidogo.
Sikuwa na la kusema. Mshahara wangu
ndio ulionunua viatu alivyovaa.

Twilumba sasa anauza ulanzi kule Kihesa.
Anapokea hela kwa kushoto,
anajifunza upya kuhesabu chenji.
Nikipita ananimiminia kikombe, hataki nilipe.
Sijamwambia kuhusu muhuri.

Jana msimamizi alisimama mezani kwangu.
Akainua chupa, akaigeuza, akasoma.
"Leo tarehe ngapi?"
Nikamwambia.
Alikaa kimya muda wa mtu kukumbuka jina.
Kisha akaishusha polepole, kwa mikono miwili,
akaenda bombani
kunawa.