Fundo

Gari nimelitoa nje, lilale kwenye theluji.
Gereji sasa ni ya ubao.
Jiko la kuni linakohoa pembeni
na bado gundi inagoma, inataka joto kuliko mimi.
Hapa Nurmes, Januari, jua huchungulia saa tatu na nusu;
saa tisa halipo.
Baridi ni nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri.
Nyuzi za mti sizihesabu, nazifuata tu kwa kidole.

Ubao huu ni wa mti wa mama,
ule wa gome jeupe linalobanduka kama karatasi,
uliosimama getini hadi upepo wa Novemba
ukaulaza juu ya pipa la taka.
Niliupasua, nikapanga mbao na vijiti katikati,
nikazisubiri miaka mitatu zitoe maji.
Mti ukikaushwa kwa pupa hupasuka.

Mimi na Ensio tulikaushwa kwa pupa.
Mama alizikwa Jumanne; Ijumaa
tunagombea sauna yake kando ya ziwa,
nani auze, nani anunue.
Kaka akaondoka bila kufunga mlango.
Miaka kumi na mmoja.
Nami nilikuwa tarishi! Nimepeleka barua za watu
kwa gari, kwa baiskeli, hata kwa skii,
yangu moja sikuiandika.

Haya, kazini.

Randa inateleza, maranda yanatoka marefu,
membamba hata taa inapenya.
Kisha inagota.
Fundo. Jeusi, pana kama sarafu,
katikati kabisa ya uso wa meza,
nyuzi zote zinalizunguka kwa hasira
kama maji yanavyozunguka jiwe.
Ukilisukuma kwa nguvu linang'oa nyama ya ubao.
Taisto, marehemu mume wangu, angelikata, akalitia jikoni.
Mimi nikanoa randa hadi ikanyoa vinyweleo vya mkono,
nikalijia kutoka kushoto, nikasimama kabla ya kufika,
nikazunguka meza,
nikalijia kutoka kulia, nikasimama tena.
Halitoki. Linalainika tu,
linabaki likikutazama.

Miguu minne, matundu manane, ndimi nane.
Ulimi ukiwa mnene, tundu linapasuka;
ukiwa mwembamba, meza itayumba maisha yake yote.
Nikachonga, nikajaribu, nikachomoa, nikachonga,
hadi wa nane ukaingia kimya, ukakaa.
Nililia hapo. Mazishini sikulia.

Msasa wa themanini, wa mia na ishirini.
Nikalowesha uso kwa kitambaa,
malaika ya mti yakasimama, nikayanyoa
kwa msasa wa mia mbili na arobaini.
Halafu mafuta ya kitani, mikono mitatu,
siku mbili kati ya mkono na mkono.
Rangi ikaamka polepole, chai, kisha asali.

Matambara ya mafuta siyafumbati.
Ukiyakunja na kuyasukumia kwenye kona
yanashika moto yenyewe usiku, bila kiberiti,
wewe umelala.
Nayatandaza juu ya theluji, moja moja.
Yapo mengine niliyoyafumbata hivyo.

Nikamtumia ujumbe: *Meza ya mti wa mama iko tayari.
Njoo na trela.* Sikuongeza neno.

Alikuja Jumapili, barafu kwenye nyusi, amezeeka.
Hakunisalimu. Akapitisha kiganja juu ya meza
hadi kwenye fundo; hapo kidole kikatulia.
Kisha akapeleka mkono chini, uvunguni,
mahali ambapo hatazami mtu.

"Huku hujapiga msasa," akasema.

Nikamrushia kipande cha mia na ishirini.
Akavua glavu.